Foleni za Disney World: wiki ipi, bustani ipi, saa ngapi

Watu wawili wanaweza kuingia Walt Disney World kwa siku moja kila mmoja, kwa tiketi za aina moja, na jioni mmoja akawa amepanda michezo kumi na miwili na mwenzake minne. Hiyo si bahati. Wametofautiana katika mambo matatu: wiki waliyochagua, bustani waliyoanza nayo, na saa waliyofika getini. Wasafiri wengi huumiza kichwa juu ya la kwanza na kulipuuza la tatu. Sisi tunaona saa ya kufika ina nguvu kuliko tarehe, na mara nyingi ina nguvu kuliko fedha.

Eneo lenyewe liko nje kidogo ya Orlando, Florida. Lina bustani nne za burudani, kila moja na geti lake: Magic Kingdom (1971), EPCOT (1982), Hollywood Studios (1989) na Animal Kingdom (1998). Tiketi ya kawaida inakupa bustani moja kwa siku. Kuhama kutoka moja hadi nyingine ndani ya siku hulipiwa zaidi. Ukikosea bustani, siku nzima imekwenda.

Septemba, Januari au Desemba

Anza kwa kufuta wiki ambazo hakuna mbinu itakayokuokoa: Krismasi hadi Mwaka Mpya, Pasaka na siku zinazoizunguka, katikati ya Machi wanafunzi wa vyuo na shule wanapokuwa likizo, wiki ya Siku ya Shukrani (Alhamisi ya nne ya Novemba), na wiki ya sikukuu ya Marais (Jumatatu ya tatu ya Februari). Hii ya mwisho huwanasa wageni wengi kwa sababu nje ya Marekani haijulikani. Mtu anaona bei ya ndege imekaa vizuri katikati ya Februari, anakata tiketi, kisha anakutana na nusu ya nchi getini.

Baada ya kufuta hizo, vinabaki vipindi vitatu vya kushindanisha.

Kuanzia karibu tarehe 20 Agosti hadi mwisho wa Septemba ndicho kipindi chenye foleni fupi. Shule za Florida na za majimbo mengi ya kusini hufunguliwa mapema Agosti, na zile za kaskazini hufuata baada ya Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Utalipia utulivu huo kwa hali ya hewa: joto la nyuzi 32 na zaidi, unyevu mzito, mvua ya radi karibu kila alasiri, na msimu wa vimbunga unaoanza 1 Juni hadi 30 Novemba na kufika kileleni karibu na 10 Septemba. Chukua bima ya safari, na hoteli unayoweza kuifuta bila faini. Mtu aliyezoea Mombasa au Dar es Salaam hatalishangaa joto la Orlando, ila pwani hatembei kilomita kumi na zaidi juu ya saruji kutwa nzima. Kwa familia ya Kenya, mwisho wa likizo ya Agosti mara nyingi huangukia mwanzo wa kipindi hiki. Likizo ya Juni ya shule za Tanzania huangukia kiangazi cha Marekani: watu ni wengi kuliko Septemba lakini wachache kuliko Pasaka, na joto ni lilelile.

Kipindi cha pili huanza baada ya sikukuu ya Martin Luther King (Jumatatu ya tatu ya Januari) na kwisha kabla ya wiki ile ya Marais. Ni kama wiki tatu tu. Usisogee nyuma zaidi ya hapo, maana mapema Januari kuna mbio za marathoni za Disney zinazojaza hoteli na kufunga baadhi ya barabara asubuhi. Hewa ni nzuri mchana, lakini alfajiri inaweza kushuka chini ya nyuzi 10, kwa hiyo beba sweta za kuvua na kufunga kiunoni. Kuna kasoro moja kubwa: huu ndio msimu wa matengenezo, na michezo ya maji hufungwa kwa zamu. Kabla ya kulipa, angalia kwenye tovuti rasmi ni michezo gani itakuwa imefungwa tarehe zako. Mtoto aliyesubiri mwaka mzima mchezo mmoja hafarijiki kwa kuambiwa foleni za mingine ni fupi.

Cha tatu ni kati ya Siku ya Shukrani na karibu 15 Desemba. Watu ni wa wastani, mapambo ya Krismasi yako kila kona, jua halichomi. Hoteli huwa ghali kuliko vipindi viwili vya mwanzo.

Mwenye watoto wadogo tungempeleka mwisho wa Januari, kwa sababu joto huwamaliza watoto mapema kuliko foleni. Kikundi cha vijana wanaotaka kurudia michezo ya kasi mara tatu tatu kiende Septemba. Desemba inamfaa anayekwenda mara moja tu maishani na anataka picha.

Asubuhi, fedha au usiku

Kabla ya kuchagua, elewa foleni inavyokua. Tuseme mchezo unabeba watu 1,500 kwa saa, na kuanzia saa 4 asubuhi watu 2,000 wanaujia kila saa. Baada ya saa moja wamebaki 500 ambao hawajapanda, yaani foleni ya dakika 20. Baada ya saa mbili ni dakika 40, baada ya tatu ni saa nzima. Mchezo hauongezi kasi kwa sababu watu wameongezeka. Deni hilo hukua hadi alasiri na huanza kulipika jioni, familia zinapoondoka. Ndiyo maana aliyefika dakika 40 kabla ya kufunguliwa na aliyefika saa moja baadaye hawako katika siku moja hata kidogo.

*Asubuhi* ni ya bure, ila ina tabaka. Wanaolala katika hoteli za Disney huingia bustani yoyote dakika 30 kabla ya wengine, kila siku. Dakika hizo zinatosha mchezo mmoja mkubwa, na ukiwa mwepesi, miwili. Lakini nusu saa hiyo ni ya wanaosubiri getini tayari. Ukitoka hotelini inapoanza, umeipoteza. Kuwa getini dakika 30 hadi 45 kabla yake. Kama Magic Kingdom inafunguliwa saa 3, wageni wa hoteli wanaanza saa 2:30, basi wewe uwe pale kabla ya saa 2.

Aliyelala nje asikate tamaa, ila asifuate umati. Magic Kingdom mapema hufunguliwa upande wa Fantasyland na Tomorrowland tu. Saa 3 kamili inapofika, Seven Dwarfs Mine Train, Peter Pan's Flight na TRON tayari zina foleni ya wageni wa hoteli. Wewe pinda kushoto uende Jungle Cruise, Pirates of the Caribbean na Tiana's Bayou Adventure, ambako saa ile ndiyo kwanza kunafunguliwa na wote mko sawa.

*Fedha* maana yake ni Lightning Lane, njia ya pembeni inayolipiwa. Zamani huduma ya namna hii ilikuwa bure. Ya kulipia ilianza 2021, na mpangilio wa sasa umekuwepo tangu Julai 2024. Kuna aina mbili ambazo watu huzichanganya. Multi Pass hununuliwa kwa siku na kukupa michezo mitatu ya kuchagua mapema katika bustani moja, kila mmoja ukiwa na saa yake ya kufika. Ukishautumia mmoja, unachagua mwingine, na kuendelea hivyo. Single Pass ni ya mchezo mmoja mmoja, ile inayotakiwa kuliko yote, ambayo haimo kabisa katika Multi Pass: TRON na Seven Dwarfs kule Magic Kingdom, Cosmic Rewind kule EPCOT, Rise of the Resistance kule Hollywood Studios, Flight of Passage kule Animal Kingdom. Watu hununua Multi Pass wakidhani wamelipia kila kitu, kisha wanafika Rise of the Resistance na kurudishwa kwenye foleni ya kawaida.

Bei hubadilika kwa tarehe na kwa bustani, Magic Kingdom ikiwa juu na Animal Kingdom chini. Hulipwa kwa kichwa: kila aliyetimiza miaka 3 analipa, maana chini ya hapo haihitajiki hata tiketi ya kuingilia. Piga hesabu ya watu sita kwa siku nne kabla ya kusema ni fedha kidogo.

Wageni wa hoteli za Disney huchagua nafasi siku 7 kabla ya kufika, wengine siku 3 kabla, na dirisha hufunguliwa saa 1 asubuhi ya Orlando, ambayo programu ya simu huiandika 7:00. Ukiwa bado Nairobi, Dodoma au Kampala, hiyo ni saa 8 mchana wakati wa kiangazi cha Marekani, na saa 9 alasiri wakati wa baridi wanaporudisha saa zao nyuma. Siku za msongamano, nafasi za asubuhi za michezo mikubwa huondoka ndani ya dakika chache, kwa hiyo weka kengele na uhakikishe kadi yako ya benki imeshaingizwa kwenye akaunti.

*Usiku* ndiyo njia inayosahauliwa. Sheria ni moja na inasaidia sana: aliyeingia foleni kabla ya saa ya kufunga atapanda, hata kama zimebaki sekunde. Saa ya mwisho dakika zinazoandikwa mlangoni huwa kubwa kuliko utakazosubiri kweli. Mchezo uliokuwa na saa moja na nusu mchana unaweza kuupata kwa nusu saa. Fataki zinapopigwa Magic Kingdom, maelfu wanasimama mbele ya ngome wakitazama juu, na foleni za michezo zinalegea. Ubaya wake ni miguu. Mtoto wa miaka mitano aliyeamka saa 12 asubuhi hatafika saa 3 usiku akiwa na uso wa furaha, na kumlazimisha ni kumwonea.

Kwa hiyo chagua ncha moja ya siku au zote mbili, lakini usichague katikati. Saa 5 hadi 10 ni za kula, maonyesho ya kukaa, bwawa la hoteli, na usingizi. Fedha zitumike Magic Kingdom, ambako michezo ni mingi na Multi Pass huizungusha vizuri, na Hollywood Studios, ambako michezo ni michache na kila mtu anaitaka. EPCOT inatosha Single Pass ya Cosmic Rewind. Animal Kingdom baki na fedha zako.

Bustani nne, tabia nne

Animal Kingdom ndiyo itakayomgusa msomaji wa Kiswahili, na ndiyo rahisi kuishinda. Upande wa Afrika kuna kijiji cha kubuni kinachoitwa Harambe, kwa e moja badala ya mbili za wito wa Kenya. Kimejengwa kwa sura ya mji wa pwani, kuta zake zikiwa na plasta iliyobanduka kwa makusudi, na sehemu kadhaa zimechapwa maandishi UHURU 1961. Mabango yana Kiswahili. Kwa watoto waliozaliwa Minneapolis au Toronto na kuisikia lugha hii nyumbani tu, kuiona ukutani mbele ya maelfu ya watu ni jambo. Simama hapo uwasomee.

Kutoka Harambe unapanda lori la Kilimanjaro Safaris, safari ya karibu dakika 20 kupita twiga, tembo, vifaru na simba wa kweli. Kikundi kikubwa cha asubuhi hukimbilia upande wa pili, Pandora, kufuata Flight of Passage. Ukiwa umelala nje ya hoteli za Disney, waache waende. Anza na lori bustani inapofunguliwa: wanyama wako macho, wanatembea na kula, na ukipata nafasi ya saa hiyo hutasubiri. Saa 7 mchana utalipa foleni ndefu kuona migongo ya simba waliolala. Flight of Passage iache hadi saa ya mwisho. Ukiwa mgeni wa hoteli, geuza: Flight of Passage katika ile nusu saa ya mapema, kisha lori mara tu likifunguliwa, maana wakati wa mapema halifanyi kazi. Expedition Everest ina foleni ya mtu mmoja mmoja. Wenzi waliokubali kukaa mbalimbali huokoa muda mwingi hapo. Bustani hii hufunguliwa mapema na kufungwa mapema kuliko nyingine, kwa hiyo ni ya asubuhi kwa asili yake.

Magic Kingdom ina mtego wa usafiri. Anayekuja na gari haegeshi mlangoni. Anaegesha kwenye kituo cha ng'ambo ya ziwa, halafu anapanda kivuko au treni ya reli moja. Ongeza dakika 30 hadi 45 juu ya muda wa barabarani. Basi la hoteli za Disney hushusha abiria karibu na geti, na tofauti hiyo peke yake inaweza kuamua asubuhi yako.

Hapa pia kuna siri ya kalenda ambayo ina faida kuliko kubahatisha Jumanne au Jumatano. Kuanzia Agosti hadi Oktoba kuna usiku wa sherehe za Halloween, na Novemba na Desemba za Krismasi, kwa tiketi ya pekee. Siku hizo wenye tiketi za kawaida hutolewa saa 12 jioni. Watu wengi huzikwepa kwa kuwa hawataona fataki za kawaida, hivyo mchana foleni hupungua. Siku zinazobaki bila sherehe hubeba mzigo wote. Mpango mzuri ni kupanda michezo siku ya sherehe hadi saa 12, na kutazama fataki usiku mwingine.

Hollywood Studios haisamehi uchelewaji. Rise of the Resistance, Slinky Dog Dash, Tower of Terror na Mickey & Minnie's Runaway Railway zote hujaa ndani ya saa moja ya kwanza. Bila fedha utapata miwili kwa raha asubuhi na mmoja usiku. Ndiyo maana tumesema hapa lipa.

EPCOT ina mageti mawili. La mbele linakuweka karibu na Cosmic Rewind na Test Track. La nyuma, ambako vyumba vya Skyliner vinavyoning'inia kwenye waya huleta wageni wa hoteli kadhaa, linakuweka karibu na Remy's Ratatouille Adventure. Ingia kwa lile la mchezo unaoutaka kwanza. Jioni za Ijumaa na Jumamosi wakati wa tamasha za chakula wenyeji wa Orlando hufurika, basi iweke katikati ya wiki.

Yanayovunja mpango

Radi. Ikikaribia, michezo ya nje husimama: Slinky Dog, Seven Dwarfs, Everest, Test Track, na malori ya safari. Kuanzia Juni hadi Septemba usiweke mchezo wa nje unaoupenda kuliko yote alasiri. Mvua ikianza, usikimbilie hotelini na wengine. Vaa koti la mvua la plastiki ulilonunua kabla ya safari, kaa karibu na mchezo, na uwe wa kwanza ukifunguliwa.

Hitilafu. Rise of the Resistance na Test Track husimama mara kwa mara. Kama mchezo umeharibika saa ile ya Lightning Lane yako, kwa kawaida haki yako hugeuzwa kuwa ruhusa ya kuutumia baadaye au kwenye mchezo mwingine uliotajwa. Angalia simu kabla ya kubishana na mhudumu.

Urefu wa mtoto, ukipimwa na viatu: Seven Dwarfs na Slinky Dog sentimita 97, Rise of the Resistance na Tower of Terror 102, Cosmic Rewind 107, Flight of Passage, Everest na Space Mountain 112, TRON 122. Mpime nyumbani kabla ya kumwahidi. Akiwa mfupi, mwambie mhudumu mlangoni kwamba mnataka kupokezana: mzazi mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila wa pili kurudi mwisho wa foleni.

Na simu. Ramani, dakika za foleni, kuagiza chakula, Lightning Lane, vyote vimo humo, na jua la Florida na skrini iliyowashwa kutwa humaliza chaji kabla ya saa 8 mchana. Beba betri ya akiba iliyojaa, na waya wake.